Awamu ya Kwanza Haina Kitufe cha Kuachia

Nchi yenyewe siitaji. Si kwamba naogopa, la hasha. Nchini kwetu hakuna anayeogopa, tulitangaziwa hivyo redioni na tukaambiwa tuitikie, tukaitikia. Siitaji kwa sababu jina lake limesajiliwa, na kulitamka nje ya wimbo wa taifa kunahitaji kibali cha ofisi inayofunguliwa Alhamisi. Nilikwenda Alhamisi. Nikaambiwa si Alhamisi hii.

Langu naweza kulitaja: Mwantumu binti Athumani Lugendo. Kazi yangu ni Fundi Msaidizi wa Kiraia katika Idara ya Polisi, Kituo Kikuu. Yaani mimi si askari, sivai gwanda, sipigi saluti wala sipigiwi. Kompyuta ikizima, printa ikitafuna karatasi, redio ya upepo ikianza kukoroma, au televisheni ya Kamanda ikikatika dakika ya themanini mpira unachezwa, hapo ndipo naitwa. Na hawaniiti Mwantumu. Katika jengo zima lenye askari mia na kumi raia ni mimi peke yangu, basi wananiita Raia. "Raia, njoo!" "Raia kaharibu nini tena?" Mwanzoni iliniuma. Siku hizi hata mama yangu akiniita Mwantumu nyumbani nachelewa kuitika.

Raia kufanya kazi ndani ya polisi kuna utaratibu wake, na utaratibu ni mzuri, mimi siusemi vibaya. Chukua bisibisi. Bisibisi ina ncha, na kitu chenye ncha mkononi mwa raia ndani ya kituo ni silaha, na silaha mahali pake ni ghalani. Kwa hiyo kila asubuhi najaza fomu tatu, napanga foleni kwenye dirisha la ghala pamoja na askari wanaochukua bunduki, napewa bisibisi yangu na onyo la kutomwelekezea mtu. Jioni nairudisha wanaikagua.

Neno la siri la kompyuta ndiyo kabisa, raia haruhusiwi kulijua. Sajenti Nyandindi, mkuu wa chumba cha kompyuta, ndiye anayeliandika, na kabla hajaliandika huniamuru: "Raia, geuka ukutani!" Nageuka. Na ukutani pale ndipo alipoliandika kwa wino mnene, herufi kubwa kubwa, asije akalisahau. Miaka mitano nimelisoma neno lile mara nne kwa siku, na sijalijua, kwa sababu sikuruhusiwa.

*

Basi mwaka juzi ukaja Mfumo. Jina lake kamili ni refu, lina maneno "Kitaifa" na "Shirikishi" ndani yake mara mbili mbili, lakini kazi yake ni moja: kuandikisha mahabusu. Zamani waliandikwa kwenye daftari, fulani kaingia saa ngapi, katoka saa ngapi. Ukaja waraka kutoka juu kwamba daftari ni ukoloni. Ukaja na mkandarasi, kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na maboksi kumi na mawili.

Mimi ndiye niliyezitandaza zile nyaya, mimi ndiye niliyeziunganisha mashine, na mimi, kama fundi yeyote mwenye akili zake, nikabonyeza kila kitufe nione kinafanya nini. Kuna Sajili. Kuna Chapisha. Kuna Rekebisha Jina. Nikatafuta kitufe cha kumwachia mtu. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, nikafuta kioo kwa khanga yangu labda ni vumbi. Hakuna.

Nikamfuata mkandarasi. "Kaka, mtu akitoka anabonyezewa wapi?"

"Kutoka kupo Awamu ya Pili."

"Na Awamu ya Pili lini?"

"Tathmini ya Awamu ya Kwanza ikikamilika, dada yangu. Hatuwezi kurukia mambo."

"Na hiki cha Rekebisha Jina?"

Akashusha sauti na miwani kwa pamoja. Hicho, akasema, waliomba wakubwa wenyewe. Mtoto wa mkubwa akiletwa kituoni kwa bahati mbaya, jina lake linarekebishwa, linakuwa la mtu mwingine, na mtoto anawahi nyumbani chakula cha mchana. "Hicho ndicho tulichoanza nacho," akaniambia, na alionekana kufurahi kabisa.

Nikaandika taarifa rasmi kwa Kamanda Zugumbwa: Mfumo unaingiza watu, hautoi. Ilirudi kesho yake. Kwa wino wa kijani Kamanda alikuwa ameandika: "Vizuri sana. Ndiyo kazi ya polisi."

*

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri. Selo zilipigwa rangi kwa ajili yake, na ili rangi isichafuliwe mahabusu wote walirudishwa makwao kwa daftari la zamani, likiwa linafanya kazi yake ya mwisho. Saa nne asubuhi Kamanda akagundua kwamba ana Mfumo, ana Waziri, ana bendi ya matarumbeta, ila hana mtuhumiwa wa kuonyeshea.

Hapo nje ya geti, ubavuni mwa ukuta, alikuwapo Mzee Mhina. Mzee Mhina ni fundi viatu. Miaka ishirini na miwili amekaa pale na mwavuli wake uliotoboka, na hakuna buti la askari ambalo halijapita mikononi mwake. Anaweza kukwambia nani anapita kwa kusikia kisigino tu. Nyumbani ana mkewe, Bi Mashavu, ambaye macho yamefanya ukungu, siku hizi anaona mwanga na kivuli basi. Mzee humwamsha, humpikia uji, humwekea kila kitu mahali pake, kata hapa, khanga pale, ndipo anakuja kazini. Jioni anamkimbilia. Hakuna aliyewahi kumsikia mzee yule akigombana, hata na wanaochukua viatu na kujisahau kulipa.

"Mzee Mhina," Kamanda akamwita, "njoo utusaidie dakika tano."

Mzee akajipangusa mikono, akaja anacheka. Wakamkalisha kwenye kiti mbele ya wageni. Kazi ya kushika mkono wake na kuuweka kwenye mashine ya alama za vidole niliifanya mimi. Sitaki kusema uongo hapo. Ni mimi.

"Haiumi, mwanangu?"

"Haiumi, baba. Dakika tano tu."

Mfumo ukauliza kosa. Haukubali kuendelea bila kosa. Heshima ya kuchagua akapewa Waziri mwenyewe, akasogea, akaisoma orodha: wizi, ugomvi, uzururaji, uchochezi. Akasema yeye amelelewa vizuri, hawezi kumtusi mtu mzima mbele za watu, akachagua la mwisho kabisa, Mengineyo. Watu wakampigia makofi kwa ubinadamu wake.

Kisha akahutubia. "Ndugu wananchi! Zamani mhalifu alijificha gizani. Leo amejificha wapi? Amejificha ndani ya kompyuta! Na kompyuta ni ya nani?"

"Yetuuu!"

"Kuanzia leo hakuna atakayeingia hapa akapotea. Atakayeingia, ameingia! Nasema, ameingia!"

Vifijo, matarumbeta, kisha pilau. Mzee Mhina akasubiri mpaka watu wakubwa wameinuka, kwa adabu, naye akainuka arudi kwenye viatu vyake. Sajenti Nyandindi akamshika bega, taratibu, hakumkwida.

"Mzee wangu, unakwenda wapi? Mfumo unasema uko ndani."

*

Siku ile tulicheka, mimi nikiwamo. Mzee alilala selo namba mbili kwenye rangi mbichi, asubuhi akaniita kwenye nondo za mlango akanikonyeza: "Mwanangu, ile dakika ya tano haijafika tu?" Nikamwambia bado saa yetu iko nyuma. Tukacheka tena.

Askari si wajinga, jamani, msiwaone vile. Walipoona aliyeingia hatoki, waliacha kusajili. Mwizi akikamatwa, mlevi akikamatwa, hawamfikishi kaunta, wanamalizana naye kwenye kona ya ukuta wa nyuma. Wanamalizanaje, mimi sikuuliza, mimi ni raia. Kwa hiyo ndani ya Mfumo akabaki mtu mmoja. Mwisho wa mwezi ikachapishwa takwimu: uhalifu umeshuka kutoka matukio mia nne hadi moja. Watuhumiwa walio chini ya ulinzi, mmoja. Waliotoroka, hakuna. Udhibiti, asilimia mia moja. Kituo chetu kikapewa kikombe.

Wakaanza kuja wageni wa kujifunza. Wanatoka mikoani na mabasi, wamevaa fulana zenye jina la Mfumo, wanapitishwa kaunta, wanaonyeshwa kioo, halafu wanapelekwa selo namba mbili kumtazama. "Huyu ndiye," Sajenti anawaambia. Mzee anawaamkia, anatazama viatu vyao, kama kuna soli imeachia anamwambia mwenye kiatu akivue, yeye akitie uzi mara moja. Maana alikuwa anaendelea na kazi. Buti zililetwa mle mle ndani, selo nzima ikanuka gundi. Msharasi wake wa kutobolea ngozi ulikuwa na ncha, bila shaka, hivyo nao ukaenda ghala la silaha, na kila asubuhi nikawa napokea silaha mbili, bisibisi yangu na msharasi wa mzee.

Bi Mashavu alikuja siku ya tatu, ameshikilia ukuta njia nzima, vidole vyeupe kwa chokaa. Nilikuwa kaunta narekebisha printa, nikasikia yote.

"Mume wangu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama," Sajenti akamjibu, na kwa upole wa kweli. "Kila mtu hapa anajua hajafanya kitu."

"Basi mpeni aende. Mimi nyumbani sijui hata kibiriti kiko wapi."

"Akienda, mama, atakuwa ametoroka. Unataka mumeo awe mtoro wa sheria, umri huu?"

Bi Mashavu akakaa kwenye benchi. Akaambiwa benchi ni la walalamikaji, akauliza kwani yeye nani. Wakamwacha. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi na kuondoka jioni, na nyumbani, alivyonieleza, anakula alichopewa na majirani, kikiwa baridi, kwa sababu moto anauogopa.

Mwezi wa pili mzee aliacha kunikonyeza. Mwezi wa nne aliacha kuuliza dakika. Mwezi wa sita alinishika mkono kwenye nondo, mikono yake migumu ile, akaniambia: "Mwanangu Mwantumu. Sisemi nitoke leo. Nitajie tarehe tu. Hata ikiwa mbali, mimi nitaingoja. Nimwambie yule mwanamke pale nje ngoja mpaka siku fulani. Siwezi kuendelea kumwambia ngoja, ngoja, ngoja."

Mtu wa kwanza kwenye kituo kizima kuniita jina langu. Nilikwenda chooni nikalia.

*

Msidhani nilikaa kimya. Niliandika barua kwa Kamanda. Kwa Kamanda wa Kamanda. Kwa mkandarasi, ambaye simu yake ilikuwa inapokelewa na mtu anayeuza vifaranga. Kamanda Zugumbwa aliniita ofisini, akanikalisha, akaniagizia soda, nikajua hakuna kitu.

"Raia," akasema, "wewe una moyo mzuri. Lakini wewe unaona mzee mmoja. Mimi nikimtazama yule naona asilimia mia. Nikimtoa, itabaki nini? Sifuri. Kituo kikubwa hivi, askari mia na kumi, mtuhumiwa sifuri! Wataniuliza tunakula mishahara ya nini."

"Afande, mkewe haoni."

"Ndiyo maana tumemwachia benchi."

Nikaenda mahakamani, kwa miguu yangu, saa ya chakula. Hakimu alinisikiliza vizuri kabisa. Akafungua kitabu cha sheria, akakipekua mbele mpaka nyuma, akarudi nyuma mpaka mbele. Mengineyo hakuliona. Akaniambia mahakama yake inaweza kumwachia mtu kwa kosa lolote lililomo kitabuni, kosa lisilomo haiwezi, kwani itakuwa imemwachia kutoka wapi? Akanishauri turudi mzee akiwa ametenda kitu kinachoeleweka.

*

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Sajenti Nyandindi alikuwa amekwenda kula wali maharage. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikageuka ukutani mwenyewe, bila kuamriwa, nikasoma neno la siri, nikaliandika. Mfumo ukafunguka. Mtuhumiwa namba moja: Mhina. Kitufe cha Rekebisha Jina kilikuwa pale pale, hakijawahi kuguswa, kwa sababu watoto wa wakubwa hata kaunta huwa hawafiki. Nikajiambia, kitufe hiki kimetengenezwa mwenye jina aende nyumbani. Mbona kisimtoe na fundi viatu?

Tatizo likawa jina gani liingie. Moyo ulinituma niandike Zugumbwa. Mkono ukakataa, una akili kuliko moyo. Nikafikiria jina la kubuni, lakini nchi yetu kubwa, hakuna jina utakalolibuni asipatikane mtu wa kukamatwa nalo. Nilitaka jina la mtu ambaye polisi hawawezi kumfanya kitu tena. Nikaandika la baba yangu. Athumani Pazi Lugendo, aliyefariki kitandani kwake miaka kumi na moja iliyopita kwa presha, hajawahi kudaiwa hata kodi ya baiskeli. Nikamwomba radhi. Nikabonyeza. Mfumo ukaandika: "Asante kwa ushirikiano wako."

Nikaenda kukaa na Bi Mashavu kwenye benchi. Nilimshika tu mkono, naye akauliza kwa nini mkono wangu unatoka jasho.

Saa nane Sajenti akarudi, akachapisha orodha ya mchana kama kawaida, akaenda nayo selo namba mbili kuhakiki. Nikamsikia.

"Wewe nani?"

"Mhina. Kwani leo umesahau? Nimekushonea buti juzi."

"Mhina hayumo kwenye Mfumo."

"Alhamdulillahi," akasema mzee, na nikasikia anakusanya vyombo vyake.

"Ngoja kwanza. Athumani Pazi Lugendo yuko wapi?"

"Simjui."

"Humjui vipi, na mmelala selo moja miezi saba?"

King'ora kikalia. Kilikuwa hakijalia miaka mingi, nilikitengeneza mimi mwenyewe mwaka ule nilioanza kazi. Askari mia na kumi wakatoka mbio, nusu yao wana viatu, nusu yao buti zao ziko kwa mzee. Mtuhumiwa pekee wa jamhuri katoroka, na ndani ya selo kakutwa mtu ambaye kisheria hakuwamo.

*

Nilikwenda kukiri. Naomba hilo lieleweke. Nilisimama mbele ya Kamanda, nikamwambia ni mimi, nimelibadilisha jina, na huyo Athumani ni marehemu baba yangu.

"Uliingiaje kwenye Mfumo?"

"Kwa neno la siri, afande."

"Raia anaruhusiwa kulijua neno la siri?"

"Haruhusiwi, afande. Lakini liko ukutani."

"Jibu swali. Anaruhusiwa?"

"Haruhusiwi."

"Basi hulijui. Na kama hulijui, hukuingia. Na kama hukuingia, hukubadilisha kitu." Akanitazama kwa huruma kama anayemtazama mtu mwenye homa. "Isitoshe, Raia, Mfumo umezinduliwa na Waziri. Unataka niandike kwamba Waziri alizindua kitu kinachoweza kudanganywa na fundi wa bisibisi? Nenda katazame televisheni yangu, rangi ya kijani imezidi."

Jioni ile landrova ikasimama nyumbani kwetu. Mama yangu, Bi Pili, akaulizwa mumewe yuko wapi. Akajitanda khanga, akawaongoza makaburini, akawaonyesha. Wakamsomea marehemu hati ya kukamatwa mara tatu, kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Kisha wakaandika: "Mtuhumiwa amepatikana alipojificha. Hatoi ushirikiano." Wakaweka askari wa zamu pale wiki nzima. Mama akawa anampelekea chai, anasema mtoto wa watu atakaaje na kiu.

Mzee Mhina alifikishwa mahakamani Ijumaa. Kusaidia mtuhumiwa kutoroka, na kukalia nafasi ya mtuhumiwa bila kibali. Hakimu alifurahi sana kuniona, akanipungia: safari hii makosa yote mawili yalikuwamo kitabuni. Nikainua mkono kusema nina ushahidi, nikaambiwa fundi kazi yake ni kipaza sauti, na kweli kilikuwa kinapiga mluzi, nikakirekebisha. Mzee alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hajui lolote ila kama kuna mtu amekosewa anaomba radhi. Karani akaandika: amekiri.

Miaka miwili. Wakili wa serikali mwenyewe aliona aibu, akasimama akaomba zipunguzwe siku mia mbili na kumi na tatu ambazo mzee ameshakaa ndani. Hakimu akamwomba asome taarifa ya Mfumo. Siku zile mia mbili na kumi na tatu, kwa mujibu wa Mfumo, aliyekuwa ndani ni Athumani Pazi Lugendo. Zikahesabiwa kwa baba yangu. Mimi hapo nilipiga ukelele, nikatolewa nje.

*

Nilikaa mwezi mzima kabla ya kwenda gerezani kumtazama, kwa haya. Nilijipanga kuomba msamaha, nilikuwa na maneno yangu. Sikupata nafasi ya kuyasema. Mzee alitokea kwenye dirisha la wageni amenyoa, macho yamemng'aa.

"Mwanangu, nina tarehe!"

Kumbe gereza lile lilikuwa bado linatumia daftari. Siku alipofika, karani mzee mwenzake alilifungua, akahesabu kwa vidole, akatoa theluthi ya tabia njema, akaandika kwa wino mwekundu mbele yake: tarehe kumi na nne, mwezi wa sita, mwakani. Jumatano. Mzee alikuwa ameulizia mpaka siku.

"Pale kwenu sikuwa na kosa," akaniambia, anaegemea dirisha kwa furaha, "na mtu asiye na kosa nani atamhesabia siku? Hapa nina makosa mawili, wananihesabia. Mungu akubariki. Nasikia ni wewe uliyehangaika mpaka nikapelekwa mahakamani."

Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi?

Bi Mashavu naye alibadilika. Aliacha kuja kwenye benchi. Alirudi nyumbani, akajifunza upya kibiriti kiko wapi, akaanza kupika mwenyewe, akiungua hapa na pale. Ukimwamkia tu, kabla hajakujibu marahaba, anakutajia: tarehe kumi na nne, mwezi wa sita, Jumatano. Mtaa mzima wakaijua kuliko sikukuu.

*

Mwezi wa pili mwaka huu Kamanda Zugumbwa akaniita. Alikuwa na barua mkononi na tabasamu usoni. Tathmini imekamilika, Awamu ya Kwanza imefaulu kwa asilimia mia moja, na Awamu ya Pili imeidhinishwa.

Niliruka, haki ya Mungu. Nilimshika Kamanda mkono bila ruhusa. "Afande, kitufe cha kuachia!"

"Kitufe gani? Ah. Hicho kimesogezwa Awamu ya Tatu. Ya Pili ni kuupeleka Mfumo magerezani. Wataalamu wameona tumeanza na watu wachache mno." Akanipa mkono tena, safari hii yeye. "Nimependekeza uende wewe, Raia. Una uzoefu. Na daraja umepandishwa."

Ningeacha kazi, mtasema. Nilifikiria. Lakini mkandarasi na miwani yake angepeleka mtu mwingine, na nikaona bora niwepo, labda nitaona pa kupenyeza kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na mama anahitaji dawa. Chagueni wenyewe sababu ipi ni ya kweli.

Tukafunga mashine uani gerezani, chini ya bati, siku mbili. Siku ya tatu likaja lori, likapakia madaftari yote yamefungwa kamba, likaondoka. Nikapewa meza, na wafungwa wakapangwa mstari mbele yangu. Jina. Kosa. Kidole. Anayefuata. Karani mzee alisimama karibu yangu na kalamu yake nyekundu mfukoni, hana pa kwenda. Mpaka saa tano nilikuwa nimeandikisha watu sabini.

Wa sabini na moja akaja anachechemea kidogo, amepiga pasi sare yake kwa mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Afadhali ni wewe, nilidhani watatuletea mtu tusiyemjua."

Akaweka kidole bila kuulizwa. Nikaandika jina, nikaandika makosa yake mawili. Alikuwa anainama kutazama kioo, akisogeza kichwa huku na huku.

"Mimi sijui kusoma vitu hivi," akasema. "Ile tarehe yangu umeiona? Kumi na nne, mwezi wa sita. Imeingia?"

Nikakitazama kioo juu mpaka chini. Kilikuwa na mahali pa jina, pa kosa, pa kidole, pa picha, na pa saini ya Waziri. Askari jela nyuma yake akasema fanyeni haraka, jua kali. Nikabonyeza Sajili.

"Imeingia, baba."

"Alhamdulillahi. Basi mwambie Bi Mashavu siku hiyo asihangaike kuja getini, ile njia ina mashimo. Aningoje nyumbani tu. Nitafika mwenyewe."

Nikasema nitamwambia. Akanishukuru, akaniombea dua ndefu kidogo, askari jela akamvuta mkono. Nikamwita anayefuata.